Kufuatilia zabuni ya bandari Kenya: karatasi za kutafuta na siku ulizonazo

Anayengoja siku ya kutia saini ndipo aulize maswali amechelewa. Mkono wa mwanasiasa huingia mapema, pale inapoamuliwa kazi ipitie njia gani.

Kwa hiyo anza na njia. Ununuzi wa kreni, uchimbaji wa kuongeza kina cha maji na ujenzi wa gati kwa kawaida hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kumkabidhi mwekezaji gati aiendeshe kwa miaka mingi huangukia Sheria ya Ubia kati ya Umma na Sekta Binafsi ya 2021. Mlango wa kuchunga zaidi ni kifungu cha 4(2)(f) cha ile sheria ya 2015, kinachosamehe ununuzi ulio chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali. Ukiambiwa kazi imepitia huko, omba mkataba wa kazi na makubaliano ya serikali hizo mbili, kisha linganisha tarehe. Kama mkandarasi alipatikana kwanza na makubaliano yakafuata, msamaha huo unaweza kutiliwa shaka. Reli ya kisasa inayoanzia Mombasa ni mfano: mkataba wa ujenzi ni wa 2012, wa mkopo ni wa 2014. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Shirika la Reli lilikiuka sheria ya ununuzi ya wakati huo na kifungu cha 227 cha Katiba. Treni zilikuwa zimeshakimbia miaka mitatu. Hata hivyo, Juni 2023 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo.

Angalia pia kama sheria yenyewe haijashonwa upya kwa kipimo cha mtu mmoja. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Meli za Biashara kilimzuia mwenye meli kuendesha huduma za gati. Mwaka 2019 Bunge lilikilegeza ili kumpisha mwenye meli ambaye serikali ina hisa kwake, na mazungumzo yakawa juu ya Shirika la Kitaifa la Meli, ambalo kampuni ya kimataifa ya meli MSC ilikuwa mbia wake, na gati ya pili ya makontena Kipevu. Wafanyakazi wa gatini walipinga. Marekebisho ya namna hii hujificha ndani ya miswada ya mseto, ile inayobadili sheria nyingi kwa mpigo, kwa hiyo soma miswada hiyo hadi ukurasa wa mwisho.

Kwenye hati ya zabuni nenda moja kwa moja kwenye masharti ya kiufundi na ya uzoefu. Kifungu cha 60 cha sheria ya ununuzi hakiruhusu kutaja chapa bila kuongeza maneno “au inayolingana nayo”. Uzoefu unaodaiwa ukiwa mahususi mno, hesabu ni kampuni ngapi duniani zinazoufikia. Tafuta pia nyongeza za hati zinazotolewa siku chache kabla ya kufungua zabuni; humo ndimo masharti hulegezwa au kukazwa.

Sasa saa. Mzabuni aliyeshindwa ana siku 14 tangu ajulishwe kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa za zabuni, PPARB, na mkataba hauwezi kutiwa saini kabla ya siku hizo kwisha. Bodi ina siku 21 kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 nyingine kwenda Mahakama Kuu, nayo hupewa siku 45. Kosa la mara kwa mara ni raia au chama cha wafanyakazi kukimbilia PPARB. Mlango huo ni wa wazabuni tu. Raia hufungua ombi la kikatiba Mahakama Kuu.

Nyaraka ziombe kwa maandishi, ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, una siku 30 kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiandike “taarifa zote kuhusu bandari”, utapewa broshua. Taja ripoti ya tathmini, maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi na barua ya kumjulisha mshindi.

Saini ikishatiwa, usifunge jalada. Bei ya chini isiyoeleweka mara nyingi hulipwa baadaye kwa nyongeza za mkataba. Kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi kinazuia kupandisha bei ndani ya miezi 12 ya kwanza, kinaweka ukomo wa asilimia 15 kwa idadi ya bidhaa na huduma, 20 kwa ujenzi, na jumla yote isizidi asilimia 25 ya bei ya awali.

Na kusanya ushahidi wa maandishi mapema. Djibouti ilidai kwamba mkataba wa 2006 wa kampuni ya DP World ya Dubai kuendesha gati ya makontena ya Doraleh ulipatikana kwa rushwa. Mwaka 2017 wasuluhishi wa London waliyakataa madai hayo. Serikali iliitwaa gati Februari 2018, na mwaka uliofuata iliamriwa kulipa dola milioni 385 kwa kuvunja haki ya kipekee iliyokuwa ndani ya mkataba huo.