Kufufua kompyuta kuukuu hapa Tanga bila kuweka Windows ya kukraki

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwahiyo laptopu nyingi za mtumba tunazouziwa hapa mjini zimeambiwa basi. Watu wanaziuza bei ya bure au wanazirundika juu ya kabati. Mi nasema tulia kwanza. Vyuma vyenyewe ni vizima, ila aliyetengeneza programu ndo kaamua imetosha, na ukiweka Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambayo haina mwenyewe wa kukufungia mlango unakula nayo miaka mingine mingi tu. Nimekuwa na hizi mashine tangu enzi za kioo chenye mgongo na diski za flopi, ntakwambia ninavyofanya mimi, na mahali ambapo nina ubishi wangu ntausema pia.

Tuanze na mashine ipi inafaa, maana hapa ndo watu wanapoteza hela. Wazungu wakisema kompyuta za zamani wanamaanisha vitu kama Commodore 64 ya mwaka 1982, zina klabu zao na vipuri vyao. Kwetu hizo hazikujaa majumbani, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ilichukua muda mrefu mpaka mambo yakalegea. Kwahiyo ukimwambia mtu wa Makorora hapa Tanga "kompyuta ya zamani" yeye anafikiria ile Pentium 4 iliyotoka ofisi fulani ikiwa na kibandiko cha namba pembeni. Sasa hiyo Pentium 4 kwa kazi za kila siku mi nakukataza. Zile za mwaka 2004 na kuendelea prosesa peke yake zinafika wati 115, LUKU ya umeme utaijua jina, halafu bado inakuwa nzito. Core 2 Duo zilizokuja 2006 ni wati 65 kwa za desktopu nyingi na kama 35 kwa za laptopu, na zinafanya kazi vizuri kuliko hiyo Pentium. Hapo ndo mstari wangu. Core 2 Duo kwenda juu, RAM isipungue GB 4, na ukipata i5 ya mwaka 2011 kama ile ThinkPad T420 basi umeula kabisa, kibodi yake mpaka leo sijaona laptopu mpya inayoifikia.

Ukienda kununua usiangalie usafi wa nje tu. Washa, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, uone kama inadai neno la siri, maana mashine nyingi zimetoka maofisini huko nje zikiwa zimefungwa, na kwenye ThinkPad hilo neno la siri limekaa kwenye chipu ya bodi, kutoa betri ya saa hakusaidii kitu. Muuzaji akikwambia "hiyo fundi anatoa dakika mbili" mwambie aitoe yeye kwanza ndo ulipe. Cheki bawaba za kioo, bonyeza kila herufi ya kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, na chaji iwe ya wati zake.

Kwa desktopu fungua mfuniko. Mashine za kati ya 1999 na 2007 hivi zilikumbwa na ugonjwa wa kapasita mbovu, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi, kichwa kikiwa kimevimba au kinatoa uchafu wa kahawia achana nayo labda unajua kuchomelea. Na kile kioo chenye mgongo usikifungue hata kama umekichomoa, ndani kinaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti.

Haya, usafi. Tanga hii usafi wa mashine sio urembo. Ukikaa Raskazone au Chumbageni upepo wa bahari unaingia na chumvi, chumvi na vumbi vikikaa pamoja kwenye bodi na ule unyevu wetu, miguu ya RAM inashika kutu na mashine inaanza kugoma kuwaka, watu wanasema imekufa. Nyingi haijafa. Chomoa umeme, toa betri, shika kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, chomoa RAM usugue yale meno ya dhahabu kwa kifutio cheupe taratibu, kisha futa na spiriti safi, acha ikauke, rudisha mpaka usikie imejifunga. Mara nyingi hiyo tu inatosha kuamsha mashine. Vumbi la feni piga blowa lakini shika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa na upepo mkali inaua beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Kama inachemka ondoa kile chuma cha kupozea, futa pesti ya zamani iliyokauka, weka tone dogo la mpya katikati ya prosesa. Tone nimesema, sio kupaka kama siagi.

Na betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3, badilisha bila kuuliza. Hii ndogo inasumbua watu kuliko unavyofikiri, ikiisha tarehe inarudi nyuma miaka na miaka, halafu ukifungua brauza kila tovuti inakwambia sio salama, mtu anahangaika anadhani ni virusi kumbe kompyuta inaamini iko mwaka 2007 na vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika.

Hela ya kutumia ipeleke wapi? SSD, yaani diski isiyozunguka. Kama una hela ya kitu kimoja tu weka SSD ya SATA hata ya GB 120, usinunue RAM kwanza labda kama iko chini ya GB 4. Diski ya kuzunguka ya miaka kumi na tano ndo inayofanya mashine ionekane mzee, na ndo itakayokufia na picha za harusi. Ukilazimika kubaki na ile ya zamani, baada ya kuweka Linux fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uipime hivi: sudo apt install smartmontools, halafu sudo smartctl -a /dev/sda, angalia mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba ya mwisho ikiwa sio sifuri anza kuhamisha mafaili yako leo, usisubiri kesho.

Sasa programu. Hapa nina msimamo na najua kuna vijana watanikasirikia. Weka Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye Xfce, ambayo ni sura nyepesi ya madirisha na menyu. Basi. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inatunzwa na watu wa kujitolea dunia nzima, haina kampuni ya kuinunua wala kuifunga, na ukikwama chochote kuna mtu alishakwama kabla yako akaandika jibu. Wale wa kubadilisha Linux kila Ijumaa, leo hii kesho ile kwa sababu kaona picha nzuri ya ukuta, wanajifurahisha na sio vibaya ila hawafanyi kazi. Kuna zile nyepesi sana kama antiX na Puppy, nzuri, mi nazitumia kuokoa mafaili kwenye mashine mbovu, lakini usimwekee shangazi yako Puppy halafu ukaondoka zako Dar. Linux Mint yenye Xfce nayo inafaa ukipenda, sigombani.

Kuipata: tafuta bando la usiku, ingia tovuti ya Debian upakue faili ya ISO (nakala nzima ya diski ya kuinstolia) ya live yenye Xfce, ni GB 3 na kitu. Ipo ndogo haifiki GB 1 inaitwa netinst lakini hiyo inavuta vilivyobaki wakati unainstoli, mtandao ukikatika katikati utaumia kichwa, kwahiyo bora uchukue kubwa mara moja. Hakikisha haijaharibika njiani, kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili ulinganishe na namba ya kwenye tovuti, herufi moja tofauti pakua upya. Kwenye Windows tumia Rufus kuiandika kwenye flashi ya GB 8, na kila kilichomo kwenye flashi kitafutika, usije ukalia.

Chomeka flashi, washa mashine huku unagonga F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP nyingi, chagua flashi. Usiinstoli haraka. Ikae hivyo hivyo inaendeshwa kutoka kwenye flashi, jaribu sauti, mwanga wa kioo, Wi-Fi, ifunike ilale uone kama inaamka. Zikikubali zote ndo bonyeza kuinstoli, chagua kufuta diski yote kama mafaili umeshayahamisha, weka jina na neno la siri, kanywe kahawa. Zikigoma mara nyingi ni Wi-Fi, hasa kadi za Broadcom, kwahiyo chomeka simu kwa waya wa USB uwashe ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, Linux inaitambua hapo hapo bila dereva yoyote, ukishapata intaneti utaweka hicho kinachokosekana.

Baada ya hapo fungua terminali: sudo apt update, kisha sudo apt full-upgrade. Ongeza zram-tools kama RAM ni ndogo, inabana vitu ndani ya RAM yenyewe kabla mashine haijakimbilia diski. Kinachokula RAM siku hizi ni brauza, Linux yenyewe inatumia kidogo, kwahiyo weka Firefox na uBlock Origin ya kuzuia matangazo na jizoeze kufunga tabu. Ukifungua tabu arobaini usije kunilaumu mimi.

Ya maofisini: LibreOffice inakuja nayo. Hii ina ukoo na OpenOffice, na watu wamesahau kwamba mwaka 2004 mradi wa KiLinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ya Kiswahili kitupu. Watu walikaa wakaitafsiri kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakuomba ruhusa kwa mtu. Huo ndo uhuru ninaouongelea, habari ya bure kwa maana ya bei kwangu inakuja ya pili. Hata Richard Stallman aliyetangaza GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1983, moja ya vilivyomchoma ni printa ya Xerox ofisini kwao MIT iliyokuwa inakwama karatasi, akataka kurekebisha programu yake akanyimwa msimbo. Printa bwana! Mpaka leo zinasumbua.

Tahadhari moja ya LibreOffice, fonti. Barua ikiandikwa kwa Calibri utaiona imeruka mistari, weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea inakaa sawa, na ukienda steshenari kuprinti peleka PDF, usipeleke dokumenti mbichi.

Tukiwa hapo hapo steshenari, ile flashi inayorudi mafoda yote yamegeuka shotikati, kwenye Linux hao virusi ni mafaili tu yamelala. Utaona mafoda yako yaliyofichwa, futa takataka, endelea. Sasa mwenye Windows ya kukraki yeye kaambiwa azime antivairasi ili kraki ikubali, kampa ufunguo mtu asiyemjua kisha anashangaa neno la siri la imeili limebadilika. Sisemi Linux haina maradhi, ila kuvunja kufuli la nyumba yako mwenyewe ili kuokoa hela wakati ipo nyumba nyingine bure imefunguliwa, hiyo siielewi.

Lakini nisiwe muongo kama wale wahubiri wa Linux. Kama kazi yako ni AutoCAD au programu ya uhasibu ya Windows tu, baki na Windows, nunua leseni, tulia. Kuna skana za bei rahisi hazitakubali kamwe. Wengine wote, mwanafunzi, mwalimu, mwenye duka, mtu wa kuangalia mpira na kuandika barua, hawataona pengo. Na kwa mwanafunzi muwekee Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili ndani yake, anasoma bila bando, hiyo pekee inalipa usumbufu wote.

Kwa wenye mashine ya biti 32 tu, yaani prosesa ya kizamani isiyoweza programu za biti 64: flashi ya Debian 13 ya Agosti 2025 haitawaka kabisa, maana hawazitengenezei tena instola. Chukua Debian 12 ya biti 32, matengenezo yake ya muda mrefu yamepangwa mpaka Juni 2028. Ukifika huko itoe kwenye intaneti, weka FreeDOS, programu huria ya mtindo wa DOS ya zamani aliyoianzisha Jim Hall mwaka 1994, inatosha kwenye diski ndogo kabisa, watoto wacheze magemu ya zamani na wajifunze kuandika amri kwenye kioo cheusi.