Modemu, ruta na laini inayoingia nyumbani

Kabla ya kulipia intaneti ya nyumbani, ni vyema kutenganisha kazi mbili ambazo siku hizi mara nyingi hufanywa na kifaa kimoja. Modemu hupokea mawimbi au mwanga kutoka kwa mtoa huduma na kuugeuza kuwa data, kisha ruta huigawa data hiyo kwa simu, televisheni na kompyuta za nyumbani kupitia kebo au Wi-Fi. Usianze kwa kununua modemu, kwa maana modemu ya waya wa shaba haiwezi kupokea faiba, na ya faiba haina mahali pa kuweka kadi ya simu (SIM). Anza kwa kuuliza ni laini gani inayofika mtaani kwako.

Ikiwa faiba imefika, ichukue. Fundi atavuta waya mwembamba wa kioo kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kifaa kidogo cha ukutani, ambacho ndicho kinachofanya kazi ya modemu. Waya huo usikunjwe kwa pembe kali wala kubanwa na mlango, na ncha yake usiichungulie, kwa kuwa mwanga unaopita humo hauonekani ilhali unaweza kudhuru jicho. Katika vifaa vingi, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, na hapo kuzima na kuwasha ruta mara kumi hakutasaidia kitu. Mpigie mtoa huduma.

Laini ya shaba ya simu ya mezani bado ipo katika baadhi ya maeneo, lakini kasi yake hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu.

Pasipo na faiba, wengi hutumia modemu ya 4G au 5G. Kwa kuwa mnara hutumiwa na mtaa mzima, pima kasi saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Vistari vya mawimbi visikudanganye: fungua ukurasa wa mipangilio ya modemu, utafute namba iliyoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani, kisha ukihamishe kifaa kutoka dirisha moja hadi jingine. Hasi 85 ni nzuri, ilhali hasi 115 ni dhaifu mno.

Satelaiti hufaa zaidi mashambani na visiwani. Zile za zamani ziko umbali wa takribani kilomita 36,000, na ndiyo maana jibu huchelewa karibu nusu sekunde katika mazungumzo ya video. Za Starlink, huduma iliyoanza nchini Kenya mwaka 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji ni mdogo. Hata hivyo dishi lake huhitaji anga wazi, bila mwembe juu yake, na hutumia umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida.

Unaposoma tangazo la kifurushi, kumbuka kwamba kasi hutajwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hushusha megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, hata mambo yakienda vizuri kabisa.

Kasi ikipungua, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, kisha upime. Ikiwa kwenye kebo ni nzuri lakini chumbani ni mbaya, Wi-Fi ndiyo yenye kasoro, wala kupandisha kifurushi hakutaiponya. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoshwa haraka na kuta za matofali. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi. Iondoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, katikati ya nyumba. Na kwa kuwa umeme hukatika, betri ndogo ya ruta ni ununuzi wenye maana, mradi kwanza usome kwenye lebo ya kifaa kama kinahitaji volti 9 au 12.