Udaktari wa mifugo au uzamili wa sayansi nyingine: namna ya kuamua kabla ya kutuma maombi

Wengi wanaofika kwenye njia panda hii hujiuliza kama wanawapenda wanyama vya kutosha. Swali hilo halisaidii, kwa sababu wafugaji, askari wa wanyamapori na watoto wenye paka nyumbani wanawapenda vilevile. Jiulize badala yake: unataka kumhudumia mnyama aliye mbele yako sasa hivi, ukiamua ndani ya dakika kumi kwa taarifa pungufu, au unataka kukaa na swali moja miaka minne mpaka likubali kujibika? Wanaofaa kwa kazi ya kwanza mara nyingi huichoka ya pili, hata kama wote walianza na baiolojia na kemia ileile.

Anza na leseni

Shahada ya udaktari wa mifugo, kabla ya kitu kingine chochote, ni njia ya kupata leseni. Katika nchi nyingi sheria humwachia daktari aliyesajiliwa kazi za kutambua ugonjwa, kuandika dawa, kupasua, na kutia saini cheti cha afya cha mnyama anayevuka mpaka.

Chukua karatasi uandike kazi tano ambazo ungependa uwe unazifanya miaka 15 ijayo. Andika vitendo, usiandike vyeo: "kumtoa ndama aliyekwama", "kufuatilia jeni za usugu wa dawa kwenye bakteria", "kupanga chanjo ya wilaya nzima", "kufundisha". Mbele ya kila kitendo kinachodai leseni weka alama. Ukipata alama mbili au zaidi, hakuna uzamili wala uzamivu utakaoziba pengo hilo. Ukikosa hata moja, unajiandaa kulipia leseni itakayokaa kabatini. Alama moja ndiyo mtihani. Hapo tafuta mtu anayefanya kazi hiyo umuulize ni siku ngapi kwa mwezi anaitumia leseni yake kweli.

Uhifadhi wa wanyamapori huwapotosha watu wengi. Kuhesabu wanyama, kufuatilia nyendo zao, kuchambua vinasaba kutoka kwenye kinyesi na kupima hali ya malisho, zote ni kazi za wanaikolojia. Daktari huitwa kumlaza mnyama kwa sindano ya usingizi, kutibu jeraha la mtego, au kupasua mzoga kutafuta chanzo cha kifo. Nafasi zake ni chache. Lishe ya mifugo, uzalishaji wa kinasaba na epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) nazo zina milango isiyouliza leseni.

Miaka yenyewe

Marekani na Kanada, udaktari wa mifugo ni miaka 4 juu ya masomo ya chuo uliyokwisha kusoma. Uingereza mwanafunzi huingia moja kwa moja kutoka sekondari na kusoma miaka 5, na Cambridge miaka 6. Anayetaka ubingwa, tuseme wa upasuaji au patholojia, kwa kawaida huongeza mwaka 1 wa mafunzo kazini na miaka 3 ya ubobezi, kisha mitihani. Kwa upande wa pili, uzamili ni mwaka 1 au 2, na uzamivu ni miaka 3 hadi 4 Uingereza, 5 hadi 6 Marekani.

Kuna tofauti ambayo namba hizi haziionyeshi. Udaktari una ratiba: ukifaulu, tarehe ya kumaliza inajulikana. Uzamivu huisha kazi ikiisha. Seli zikipata ukungu kwenye chombo zinamokuzwa, kibali cha kukusanya sampuli kikichelewa, au msimu wa mvua ukipita bila mbu uliowahitaji, mwaka mzima umekwenda na hakuna wa kumlaumu.

Hesabu ya fedha

Hesabu hizi mbili hazifanani hata kidogo. Udaktari wa mifugo kwa kawaida unaulipia mwenyewe. Uzamivu wa sayansi unapaswa kulipiwa na wengine: ada pamoja na posho ya kuishi, kutoka kwenye ruzuku ya msimamizi, chuo au serikali. Ukipewa nafasi ya uzamivu wa maabara bila ufadhili wowote, kataa. Fedha ni nusu tu ya sababu. Msimamizi asiye na ruzuku mara nyingi hana hata ya kununulia vitendanishi, yaani kemikali za maabara.

Jumlisha ada ya miaka yote, gharama za kuishi, na riba inayoendelea kukua ukiwa bado darasani. Igawe jumla hiyo kwa mshahara wa mwaka wa kwanza wa daktari mpya mahali unapotaka kufanya kazi. Usitumie mshahara wa bingwa wala wa mwenye kliniki. Jibu likiwa 1 au pungufu, deni linabebeka. Likikaribia 2, deni ndilo litakaloamua ukae wapi na utibu wanyama gani. Likizidi hapo, tafuta chuo cha bei nafuu au ahirisha. Upande wa uzamivu weka gharama isiyoandikwa popote: tofauti kati ya posho na mshahara ambao ungekuwa unaupata, zidisha kwa miaka. Posho inalisha, haiwekezi.

Jaribu zote mbili kwa mikono yako

Usiamue kwa maelezo ya tovuti za vyuo. Tenga angalau wiki tatu kliniki au shambani, na wiki tatu nyingine maabara au na timu ya utafiti. Wiki moja haitoshi, kwa kuwa wiki ya kwanza kila kitu ni kipya na kila kitu kinapendeza.

Kliniki, usikubali kuishia kwenye watoto wa mbwa wanaokuja kuchanjwa. Omba uitwe usiku. Ng'ombe ameshindwa kuzaa, miguu ya mbele ya ndama imetoka, kichwa kimegeukia ubavuni. Daktari ananawa mpaka begani na kupaka kilainishi kingi. Anafunga mnyororo wa kuzalishia kwenye kila mguu: kitanzi juu ya kifundo, fundo la pili chini yake, kwa sababu kitanzi kimoja peke yake kinaweza kuvunja mfupa. Halafu anamsukuma ndama arudi ndani kati ya msukumo mmoja wa mama na mwingine, anakifunika kinywa cha ndama kwa kiganja ili meno yasichane mfuko wa uzazi, na anakizungusha kichwa kije mbele. Pembeni mwenye ng'ombe anauliza itamgharimu kiasi gani. Jichunguze wakati huo: mikono inawasha kuingia, au unatafuta sababu ya kwenda kuchota maji? Angalia pia asubuhi yake, maana daktari huyohuyo anaandika kumbukumbu, anadai malipo, na anamweleza mtu mwingine kwa nini mbwa wake hatapona. Mazungumzo na wenye wanyama yanakula sehemu kubwa ya siku. Anayekimbilia wanyama kwa sababu watu wanamchosha atapata taabu.

Maabara nako, usiishie kuangalia kwa darubini picha nzuri uliyoandaliwa. Omba ufanye kipimo kimoja cha ELISA, kinachotafuta kingamwili kwenye sampuli kwa kubadilika rangi, mwanzo hadi mwisho. Sahani ina visima 96, safu 8 kwa 12. Unaifunika kwa antijeni (kitu ambacho kingamwili hukishika) na kuiacha usiku kucha kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, unaiosha, unaziba nafasi zilizobaki kwa protini, unaweka sampuli kila moja mara mbili, unaosha tena, na tena. Mwishoni visima visivyo na sampuli, ambavyo vilipaswa kubaki vyeupe, vimegeuka njano kama vingine. Uoshaji ulikuwa wa haraka, au protini ya kuziba haikutosha, au kimiminika kimerukia kisima cha jirani. Siku mbili zimepotea na unaanza upya. Mtu wa utafiti hukasirika kidogo, kisha huanza kufikiri ni ipi kati ya sababu hizo tatu, na kesho hubadilisha kitu kimoja tu. Ukiona hasira tupu bila udadisi, zingatia.

Kila jioni andika mistari mitatu: kilichochukua muda mrefu zaidi, saa uliyoanza kutazama saa, na swali ulilorudi nalo nyumbani. Baada ya wiki sita soma mistari ya tatu pekee. "Je, yule mbwa amekula leo?" na "Kwa nini mbwa wa kata ile tu?" ni maswali ya watu wawili tofauti.

Mwili, na kifo

Kliniki ina hatari zake: mateke, mgongo, mzio wa manyoya, na magonjwa kama brusela na kimeta. Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe kabla ya kuanza mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 2, siku ya 0 na ya 7. Mwenye mimba au pumu aseme mapema, maana homoni za prostaglandini zinazotumika kwa ng'ombe hupenya kwenye ngozi.

Wengine hukimbia udaktari kwa kuogopa kumchoma mnyama sindano ya mwisho, kisha wanaingia maabara ya kinga mwili na kukuta panya wanauawa kila wiki ili wengu lichunguzwe. Kama hilo ndilo linalokusumbua, chagua sayansi isiyotumia wanyama hai. Uliza kabla ya kuomba.

Uzamili kama ngazi

Aliyekataliwa udaktari mara nyingi huambiwa asome uzamili ili "ajiimarishe". Ushauri huo hufaa wachache. Vyuo vingi hupima kwanza alama za shahada ya kwanza na za masomo ya lazima kama kemia, fizikia, baiolojia na takwimu, na uzamili wenye alama nzuri hauzifuti. Vingine havipokei masomo ya lazima yaliyozeeka, kwa hiyo miaka miwili ya uzamili inaweza kukufanya urudie kemia. Kabla ya kujiandikisha, uliza ofisi ya udahili kwa maandishi ni kipi kilikukwamisha. Kama ni alama, rudia somo. Kama ni saa chache za mazoezi, nenda shambani.

Kufanya zote, kwa mpangilio

Daktari kuingia kwenye utafiti ni rahisi kuliko mtafiti kurudi kusomea udaktari. Peter Doherty alihitimu udaktari wa mifugo Queensland, Australia, mwaka 1962, akapata uzamivu Edinburgh mwaka 1970, na mwaka 1996 akagawana Tuzo ya Nobel ya tiba na Rolf Zinkernagel. Chanjo iliyosaidia kuitokomeza sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kuisha duniani mwaka 2011, ilitoka kwa daktari wa mifugo, Walter Plowright, alipofanya kazi Kenya. Vyuo kadhaa vina programu ya shahada zote mbili kwa pamoja, ya miaka 7 au 8, mara nyingi yenye ufadhili. Iombe kama tayari umewahi kufanya utafiti ukaumaliza. Kuiomba ili ukwepe ada ni kosa ambalo jopo la usaili hulinusa haraka.

Maombi

Barua hizi mbili usizinakili. Ya udaktari inaonyesha unaijua kazi: saa ulizokaa kliniki, wanyama wa aina gani, ulichokiona kikienda kombo. Ya uzamivu inaonyesha swali, na kwa nini maabara ile ndiyo mahali pa kuliuliza. Kalenda nazo hazilingani. Marekani maombi ya udaktari hufungwa Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo, wakati mengi ya uzamivu hufungwa Desemba au Januari. Anayeamua Oktoba ameshachaguliwa na kalenda.

Kama utavuka mpaka, hakikisha shahada inatambuliwa utakakofanya kazi. Mhitimu wa chuo kisichoidhinishwa hupitia mitihani ya ziada Marekani, kisha mtihani wa leseni wa NAVLE wenye maswali 360. Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo, ambacho ndicho chombo cha kuwasajili, kina mtihani wake.

Kwa msimamizi wa uzamivu, uliza manne: wanafunzi wake watano wa mwisho walichukua miaka mingapi, wako wapi leo, nani atalipa ruzuku ikiisha katikati, na nani huandikwa mwandishi wa kwanza wa makala. Majibu hayo yathibitishe kwa mwanafunzi wake wa zamani. Wa sasa hawezi kusema yote.

Ukipata nafasi mbili kwa pamoja, usikubali zote ukitumaini kujiondoa baadaye. Omba muda kwa maandishi. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji wa uzamivu mwenye ufadhili kujibu kabla ya 15 Aprili, kwa hiyo barua inayotaka jibu Februari inaweza kujibiwa kwa heshima kwa kuutaja utaratibu huo. Uliza pia kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, na kama ufadhili utaahirishwa nayo. Nafasi ikibaki na posho ikaondoka, umebakiwa na ada tu.