Namna ya Kusoma Ukakumbuka: Hatua Ninazowapa Wanafunzi Wangu wa Chuo

Kwa miaka 9 sasa nimekuwa nikiwafundisha anatomia, yaani muundo wa mwili, wanafunzi wa uuguzi, kila Jumamosi, katika chumba cha kukodi pale Ngara, Nairobi. Wengi hunijia na lalamiko moja: wamesoma hadi usiku wa manane, wameelewa, kisha wakiketi mbele ya karatasi ya mtihani kila kitu kinayeyuka. Nikiyafungua madaftari yao huyakuta yamepakwa rangi ya manjano kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Vijana hawa si wavivu, wala akili zao hazina kasoro. Wamesoma mara nyingi sana bila kujizoeza kuyatoa kichwani yale waliyosoma, na kuyatoa ndiko wanakotahiniwa.

Ni vyema kwanza ujue unashindana na nini. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huwa na kasi kubwa katika saa za mwanzo kisha hupungua. Siku moja tu baadaye, alipojifunza upya orodha aliyokuwa ameshaijua, aliokoa takriban thuluthi moja pekee ya kazi aliyoifanya mara ya kwanza. Mhadhara wenye maana haupotei upesi kama silabi zile, lakini mwendo wa kusahau ni ule ule, na ndiyo sababu hatua ya kwanza haiwezi kungoja wikendi.

Hatua ya kwanza ni kuandika bila kuchungulia. Siku ile ile ya mhadhara, kabla ya kulala, funga daftari na simu uiweke chumba kingine au mkobani, kisha chukua karatasi tupu uandike na kuchora kila unachokumbuka kwa dakika 10. Ukikwama, kaa hapo hapo kidogo, kwa maana jitihada ya kutafuta ndiyo inayoliimarisha jambo kichwani. Muda ukiisha, fungua daftari na ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine, na yale ya rangi nyingine ndiyo utakayoanza nayo kesho.

Muhula uliopita binti mmoja alikuwa amesoma safari ya damu ndani ya moyo mara nne mfululizo. Nilipomwomba aichore, alichora vyumba vinne vizuri sana, akaandika majina ya vali mbili, kisha kalamu ikasimama juu ya ventrikali ya kulia, chumba cha chini upande wa kulia wa moyo. Hakujua damu inatoka hapo kwenda wapi. "Lakini Mwalimu, nimesoma hapa sasa hivi," alisema, naye alikuwa akisema kweli. Nilimwacha akae na pengo lile kwa dakika nzima kabla ya kumruhusu kufungua kitabu na kuiona ateri ya mapafu. Jumamosi iliyofuata aliichora safari yote hadi aota, ateri kuu ya mwili, bila kusita.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne, na kundi jingine likakisoma mara moja kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma ndio waliofanya vyema. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojizoeza kukumbuka walikuwa na takriban asilimia 61, na waliorudia kusoma takriban 40. Naomba uyatafakari matokeo yale ya dakika 5, kwa sababu ndiyo yanayowapotosha wengi. Kurudia kusoma hukupa hisia ya kujua papo hapo, nawe unaiamini hisia hiyo na kulala nayo.

Hatua ya pili ni fupi: usikariri usichokielewa. Mtafute mwenzako au mhadhiri akufafanulie kwanza, kwani jambo lililoeleweka hushikamana na mengine unayoyajua, ilhali lililomezwa kikasuku hubaki peke yake.

Hatua ya tatu ni kadi. Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja, uandike swali moja upande wa mbele na jibu upande wa nyuma. Ubora wa swali ndio kazi yenyewe. Kadi isemayo "Eleza figo" haifai, kwa sababu hutajua kama umeipata au umeikosa. Andika badala yake: "Katika nefroni, sehemu kubwa ya maji na chumvi hurejeshwa kwenye damu wapi?" (Nefroni ni kichujio kidogo sana ndani ya figo.) Kisha tafuta visanduku vitatu, hata vya viatu, kwa utaratibu ulioenezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Mimi huutumia hivi: kadi zote huanzia kisanduku cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku, kadi uliyoijibu sawasawa huhamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu, na ukiipata tena huenda cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Ukikosea, kadi hurudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mwisho. Litamke jibu au liandike kabla ya kugeuza kadi, kwa maana macho yakishaliona jibu utajiambia ulikuwa unalijua. Foleni ya asubuhi kwenye Thika Road inatosha kabisa kwa kisanduku cha kwanza.

Hatua ya nne ni ya orodha zenye mpangilio maalumu, nayo ni mbinu ya kale iliyotumiwa na wasemaji wa Ugiriki na Roma kukumbuka hotuba zao: unaviweka vitu kimawazo, kila kimoja kama picha, katika njia unayoijua. Chukua mifupa 8 ya kifundo cha mkono, na uipande matatu ya kutoka mjini kwenda Githurai. Ngara, mashua imekwama katikati ya mitumba: skafoidi, jina linalotokana na mashua. Pangani, mwezi mwandamo umekalia daraja: lunati. Muthaiga, sambusa kubwa ya pembe tatu imeziba barabara: trikwetrumu. Utalii, mpishi mwanafunzi anaikimbiza punje moja ya minji: pisiforma. Allsops kuna meza kubwa, trapeziamu, na Safari Park kuna meza ndogo, trapezoidi. Roysambu, kichwa kikubwa kinachungulia matatu: kapitati, ulio mkubwa kuliko mifupa mingine ya hapo. Githurai, kulabu ya bucha inaning'inia: hamati. Vituo vinne vya kwanza ni safu iliyo karibu na mkono wa mbele, vinne vya mwisho ni safu iliyo karibu na kiganja, na kila safu inaanzia upande wa kidole gumba. Mbinu hii haitakueleza mifupa hiyo inafanya kazi gani. Hiyo ni kazi ya hatua ya kwanza na ya pili.

Hatua ya tano ni kuchanganya mada. Ukishaanza kuzipata kadi za moyo, zichanganye na za figo na za mapafu, kwa sababu mtihani hautakutangazia sura ambayo swali limetoka.

Hatua ya sita, ambayo vijana hunibishia kuliko zote, ni usingizi. Unapolala, ubongo huendelea kuyapitia na kuyaimarisha uliyojifunza mchana, kwa ushirikiano wa hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na gamba la ubongo. Anayekesha hupoteza mara mbili: ya jana haiimarishwi, na kesho hana makini ya kujifunza mapya. Ninajua hosteli zina kelele na kazi ni nyingi, lakini ukilazimika kuchagua kati ya saa mbili za kurudia kusoma na saa mbili za kulala, lala.

Usiku wa kuamkia mtihani, pitia kadi zilizobaki katika kisanduku cha kwanza pekee, weka kitambulisho na kalamu mbili mezani, kisha uzime taa kufikia saa nne.