Somo: Mhusika akanyage jiwe, asielee

Wakuu, wengi mmeuliza kwa nini mhusika akipanda mawe ya Capri Point, Mwanza, mguu mmoja unaelea na mwingine unazama ndani ya jiwe. Animesheni ya kutembea ilitengenezwa kwenye tambarare, haina habari na mawe. Mwendo mpya kwa kila jiwe hatuuwezi. Tunausahihisha huo huo gemu ikiwa inachezwa. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, ila hata kwenye nyingine kama Unity na Unreal hesabu ni hiyo hiyo.

1. Tengeneza mwendo wa kawaida kwenye Blender (programu ya animesheni ya 3D). Usiuguse tena.

2. Kila mguu uwekee mwale (RayCast3D), yaani mstari usioonekana wa kupima ardhi iko wapi, unaoanzia usawa wa goti na kushuka nusu mita chini ya unyayo. Ukianzia unyayoni, mguu uliokwisha kuzama hautaliona jiwe. Mwale unakupa mahali ulipogonga na upande ambao uso wa jiwe umeelekea.

3. Shusha nyonga kwanza. Hapa ndipo wengi wanaparuka. Mguu haurefuki: kama wa kushoto unatakiwa kukanyaga sentimita 20 chini ya wa kulia na nyonga imebaki juu, hautafika hata ufanye nini. Shusha mwili mzima hadi mguu wa chini ufike, wa juu ukunje goti.

4. Sasa IK (inverse kinematics), yaani kupiga hesabu kuanzia unyayo kurudi juu. Unaipa mahali pa unyayo, yenyewe inatafuta pembe za nyonga na goti. Ni pembetatu tu: urefu wa paja, urefu wa muundi, na umbali toka nyonga hadi kifundo, kanuni ya kosini ya sekondari inamaliza kazi. Ionyeshe pia goti lielekee wapi, la sivyo litakunjika kinyume kama la korongo.

5. Laza unyayo ufuate jiwe, mwisho digrii 30 hivi. Mguu ukiwa hewani, zima yote.

MASWALI

— Mkuu, kwenye ukingo wa jiwe mguu unatetemeka.
Fremu hii mwale unagonga juu, inayofuata unagonga bondeni. Ukishakanyaga, ufunge hapo hapo mpaka animesheni iunyanyue.

— Simu ya kawaida itabeba?
Gemu ya Shadow of the Colossus ilitumia IK kwenye PlayStation 2 mwaka 2005. Miale miwili si mzigo. Ukiwa na umati wa soko la Kirumba, walio mbali wazimie IK. Nani atawaangalia nyayo?

— Kaka, amesimama kwenye mtumbwi, wimbi likiunyanyua miguu inachelewa na kuzama ubaoni.
Unalainisha mwendo wa unyayo kwa vipimo vya dunia ya gemu. Pima unyayo ukilinganisha na mtumbwi, lainisha humo, ndipo urudishe kwenye dunia. Halafu watazame wavuvi wa mwaloni: nyonga inaufuata mtumbwi, kichwa kimetulia. Kwa hiyo nyonga ipe nusu ya mlalo wa mtumbwi, uti wa mgongo uurudishe kinyume, pingili baada ya pingili, mpaka shingoni.