Kuhama kutoka MySQL 5.6 hadi 8.0 bila kuzima ukali wake

Umeshasimika toleo jipya la MySQL, programu ya kuendesha hifadhidata, na ripoti iliyofanya kazi miaka yote inagoma kwa kosa namba 1055. Meneja wa chama anasubiri orodha ya malipo ya wakulima. Wengi watakushauri uondoe ONLY_FULL_GROUP_BY, kanuni inayokataa ripoti yenye safu isiyo na thamani moja dhahiri kwa kila kundi, kwenye my.cnf, faili la mipangilio ya seva. Nakusihi usifanye hivyo. Nimehamisha hifadhidata ya chama cha ushirika wa kahawa hapa Moshi, na njia niliyopita ni hii.

Kwanza, toa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kunakili data, kisha irudishe kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inafunguka. Panda hadi 5.7 kabla ya kwenda 8.0, usiruke.

Pili, kwenye seva ya zamani andika SELECT @@sql_mode, inayoonyesha kanuni za ukali zilizowashwa, uhifadhi jibu. Toleo la 5.7, la mwaka 2015, ndilo lililoanza kuja na ukali huu ukiwa umewashwa. Kabla ya hapo MySQL ililegeza kiwango cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na programu nyingi zikazoea ulegevu huo.

Tatu, kagua kila GROUP BY, amri inayokusanya mistari ya data kwa makundi. Hapa usiharakishe. Ripoti yetu ilikuwa hivi:

SELECT mkulima_id, daraja, SUM(kilo)
FROM mapokezi
GROUP BY mkulima_id;

Mama aliyeleta kilo 120 za daraja la kwanza na kilo 45 za daraja la tatu anatokea mara moja: kilo 165, daraja moja. Lipi? Lolote seva itakaloliokota. Haitoi hata onyo. Bei ya daraja hilo ikizidishwa kwa kilo zote, mama huyo anapunjwa au chama kinapata hasara, na karani hana namna ya kujua. Kosa 1055 ndilo lililotufumbua macho. Dawa yake:

GROUP BY mkulima_id, daraja

Lakini usirundike safu kwa kubahatisha. Ukiunganisha jedwali la wakulima na kukusanya kwa ufunguo wake wa msingi, jina la mkulima halihitaji kutajwa tena, maana kila namba ina jina moja tu. Kiwango cha SQL cha 1999 kinaruhusu hivyo, na MySQL inalitambua tangu 5.7. ANY_VALUE(), inayochukua thamani yoyote ya kundi, itumie pale tu unapojua thamani zote za kundi ni zilezile.

Nne, andika ORDER BY, amri ya kupanga majibu, waziwazi. Toleo la 8.0 halipangi tena majibu kwa sababu tu umeweka GROUP BY.

Tano, tafuta tarehe za '0000-00-00' ukiwa bado kwenye seva ya zamani, uzigeuze NULL, yaani bila thamani. Ukichelewa, seva mpya itakataa hata kuzitafuta kwa maandishi hayo.

Ikiwa kuna programu isiyoweza kurekebishwa leo, legeza muunganisho wake peke yake:

SET SESSION sql_mode = REPLACE(@@sql_mode, 'ONLY_FULL_GROUP_BY', '');

Faili la my.cnf liache lilivyo. Sisi tuliipa programu ya namna hiyo muda hadi mapokezi ya Julai, na mstari huo ukafutwa kabla mzani haujapokea gunia la kwanza.