Waranti ya kulipia: anza na yale wasiyolipa

Ukinunua friji au televisheni Darajani au Mlandege, hapa mjini Unguja, huenda muuzaji akakwambia uongeze pesa kidogo upate waranti ya mwaka wa pili na wa tatu. Usiharakie kulipa. Mwambie akupe karatasi, uanze kusoma pale palipoandikwa mambo wasiyoyalipia. Mara nyingi utakuta umeme kupanda na kushuka, na kutu. Sasa jamani, kwa visiwani kwetu friji linakufa kwa nini jengine? Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, bodi, ile saketi ya ndani, inaungua. Nyumba ikiwa karibu na pwani, chumvi inakula mabomba ya nyuma.

Halafu uliza anayetengeneza yuko wapi. Ikiwa fundi wao yuko Dar es Salaam, gharama ya kulipakia friji kwenye boti kwenda na kurudi ni juu ya nani? Kwa mtu wa Wete au Mkoani, kule Pemba, hilo ndilo swali la mwanzo kabisa.

Mimi pesa hiyo ya waranti ningenunulia kilinda umeme cha friji, kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi ndipo kiuruhusu, kompresa, ile mota ya friji, isiwake ghafla. Inayobaki ni akiba ya fundi wa mtaani. Kasoro za kiwandani nyingi hujitokeza mapema, ndani ya waranti ya bure.

Kwa televisheni kubwa waranti hiyo ningeifikiria, maana kioo chake ni ghali mno. Lakini kioo kilichopasuka kwa kugongwa kwa kawaida hawakilipi.

Na risiti ipige picha siku hiyo hiyo. Maandishi ya karatasi za mashine yanafutika.